Hamira Yenye Kumbukumbu

Yako maneno machache ya Kiswahili ambayo wataalamu wa elimu ya viumbe duniani kote, Wajapani kwa Wamarekani, huyatamka kila siku katika kazi zao. Mojawapo ni neno ambalo wengi wetu visiwani hatulitaji kwa fahari, nalo ni pombe. Mwaka 1893, Mjerumani aitwaye Paul Lindner, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya utafiti wa bia mjini Berlin, aliyachunguza mashapo ya pombe ya nafaka iliyopelekwa huko kutoka Afrika Mashariki. Ndani ya mashapo yale akaiona hamira ya namna ya peke yake. Haikuchipuza vichanga ubavuni kama ifanyavyo hamira ya mkate. Ilirefuka kama kijiti, kisha ikajikata katikati, zikawa mbili zilizo sawasawa. Akaipa jina la Schizosaccharomyces pombe. Sehemu ya kwanza ya jina hilo ni Kigiriki, na maana yake ni kuvu ya sukari ijigawayo. Sehemu ya pili ni yetu.

Wakati huo Tanganyika ilikuwa imekwisha tiwa mkononi na Wajerumani, na visiwa vyetu tangu mwaka 1890 vilikuwa chini ya himaya ya Waingereza. Hakuna aliyekuja kutuomba ruhusa ya neno hilo, na wala hatuna haja ya kulitoza kodi. Tena kuna kichekesho kidogo ndani yake: hamira itumikayo leo maabarani haikutokana na nafaka yetu hata kidogo. Ni ya ukoo mwingine wa aina hiyo hiyo, uliotolewa katika maji ya zabibu ya Ulaya, ambao Mswisi Urs Leupold aliutumia katika miaka ya 1940 alipoanza kuchunguza mambo ya urithi. Jina ni la Afrika Mashariki, mwili ni wa mizabibu ya Ulaya.

Tumeona vema kuileta habari ya hamira hii mbele ya wananchi wa visiwani, na mbele ya watumishi wa Serikali walio na dhamana ya afya na kilimo, kwa kuwa imetoa jibu la swali kubwa, na jibu hilo linagusa hospitali na mashamba. Swali lenyewe ni hili: yawezekanaje viumbe viwili vyenye urithi ule ule, herufi kwa herufi, vikawa na tabia mbalimbali, na kila kimoja kikawarithisha wanawe tabia yake?

Mfano wa swali hilo kila mtu anao mwilini mwake. Chembe ya ini na chembe ya ngozi zina urithi mmoja, maana zote zilitokana na yai moja. Hata hivyo chembe ya ini ikijigawa huzaa chembe za ini, wala haizai ngozi. Basi ni lazima pawepo kumbukumbu nyingine, iliyo nje ya herufi za urithi, inayoiambia chembe lipi lisomwe na lipi lifungwe. Elimu ya kumbukumbu hiyo ndiyo iitwayo epijenetiki. Kuichunguza katika mwili wa binadamu ni kazi ngumu kupita kiasi. Katika hamira ni nyepesi, kwani hamira ni kiumbe cha chembe moja, hula sukari, na katika muda wa saa chache huwa kimekwisha zaa.

Urithi wa kila kiumbe umeandikwa katika uzi mrefu uitwao DNA. Katika hamira ya pombe uzi huo una herufi zipatazo milioni 13.8, umegawanyika katika kromosomu 3, na ukinyooshwa wote unafikia milimita 4 na zaidi. Milimita 4 si kitu kwa fundi cherehani, lakini chembe ya hamira yenyewe urefu wake hauzidi sana sehemu 14 katika 1,000 za milimita moja, na kiini kinachouhifadhi uzi huo ni kidogo zaidi. Uzi ungeachwa hivi hivi ungejisokota usiweze kusomeka. Kila mvuvi wa mshipi analijua tatizo hili. Mshipi mrefu hauachwi ukajilundika ndani ya ngalawa; huzungushwa juu ya kipande cha mti. Chembe hai nazo hufanya vivyo hivyo. Vipande vyao vya miti ni protini ziitwazo histoni, zikiungana nane nane, na juu ya kila fungu la nane uzi huzungushwa karibu mara mbili, urefu wa herufi 147. Baada ya kipande kimoja hufuata kingine, na kingine, tangu mwanzo wa kromosomu hadi mwisho.

Histoni zilijulikana zamani. Albrecht Kossel wa Ujerumani alizipata mwaka 1884 katika damu ya bata bukini. Ila kwa miaka mingi zilidhaniwa kuwa ni vifungashio tu, visivyo na neno lolote la kusema. Mwaka 1964 Vincent Allfrey wa New York na wenzake walitoa rai kwamba viambato vidogo vya kikemia vinavyobandikwa juu ya histoni, yaani asetili na methili, vinahusika na kufunguliwa au kufungwa kwa jeni. Mwaka 1974 Roger Kornberg akaeleza jinsi histoni nane zinavyokaa pamoja katika kila fungu. Rai ya Allfrey ilikaa zaidi ya miaka 20 ikingoja ushahidi, na ushahidi ulipokuja ulitoka katika hamira. Si ile ya pombe kwanza, bali ile tuitiayo katika maandazi na mkate wa ufuta, ambayo kitaalamu huitwa Saccharomyces cerevisiae. Hizi mbili zinafanana kwa jina la hamira tu. Nasaba zao ziliachana mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita.

Michael Grunstein wa Los Angeles alifanya jambo ambalo katika mnyama lisingewezekana kwa miaka ile: aliikata mikia ya histoni ndani ya hamira iliyo hai. Histoni zina mikia inayojitokeza nje ya uzi, na alama za kikemia hubandikwa hasa juu ya mikia hiyo. Mwaka 1988 yeye na wenziwe walionyesha kwamba mkia wa histoni ya nne ukikatwa, jeni ambazo siku zote zilikuwa zimefungwa kimya hufunguka. Kifungashio kikawa kimepata ulimi. Kisha, mwaka 1996, kundi la David Allis lilikipata katika kiumbe mmoja wa majini kimeng'enya kinachobandika asetili, likakuta kwamba kinalingana na protini ya hamira iitwayo Gcn5, ambayo tangu zamani ilijulikana kuwa ni mfunguaji wa jeni. Mwaka huo huo kundi la Stuart Schreiber likakipata katika chembe za binadamu kimeng'enya kiondoacho asetili, nacho kikafanana na Rpd3 ya hamira. Tangu hapo hapakuwa na shaka: yupo abandikaye alama, na yupo aziondoaye. Mwaka 2018 Allis na Grunstein walipewa kwa pamoja tuzo ya Lasker kwa kazi hiyo. Allis alifariki dunia mwaka 2023.

Alama zenyewe zinafanyaje kazi? Turudi kwa mvuvi wetu. Tuseme kila kipande cha mti kina ncha zilizojitokeza, na juu ya ncha hizo hufungwa vitambaa vya rangi. Kitambaa cha asetili hulegeza, kwa sababu ncha ya histoni ina chaji chanya inayoushika uzi wenye chaji hasi, na asetili huiondoa chaji hiyo. Uzi ukilegea, wasomaji wa jeni hupata nafasi ya kupita. Kitambaa cha methili hakina kazi moja. Kikifungwa mahali pa 4 katika histoni ya tatu, mara nyingi huwa ni dalili ya jeni inayosomwa. Kikifungwa mahali pa 9, huita protini nyingine zije kukaza na kufunga. Hamira ya mkate haina kabisa alama hiyo ya mahali pa 9. Hamira ya pombe inayo, na binadamu tunayo. Ndiyo maana katika habari hii hamira yenye jina letu imekuwa na manufaa kuliko ile ya jikoni. Tena hamira zote mbili hazibandiki methili juu ya DNA yenyewe, kama miili yetu ifanyavyo, hata kumbukumbu inayoonekana ndani yake haiwezi kusingiziwa njia hiyo.

Robin Allshire wa Edinburgh, mwaka 1994, alieleza jaribio ambalo hata mtoto wa shule angelifurahia. Iko jeni katika hamira ya pombe iitwayo ade6. Ikifanya kazi, kundi la hamira katika sahani huwa jeupe. Ikinyamaza, hamira hujilimbikizia rangi nyekundu. Jeni hiyo ikahamishwa kutoka mahali pake na kupandikizwa katikati ya kromosomu, mahali ambapo daima hufungwa kwa nguvu. Herufi zake hazikuguswa. Lakini yalipoota makundi sahanini, mengine yalikuwa mekundu, mengine meupe, na mengine yenye mabaka ya rangi zote mbili. Maana ya mabaka ni kwamba mama alikuwa mwekundu, wanawe wakafuata wekundu wake vizazi kadhaa, kisha mmoja akabadilika, na ukoo wake wote ukawa mweupe. Urithi wa herufi ulikuwa mmoja kwa wote.

Mwaka 1997 Karl Ekwall, pamoja na Allshire na wenzao, walikwenda mbele zaidi. Waliipa hamira, kwa muda mfupi tu, dawa inayowazuia waondoaji wa asetili, kisha dawa ikaondolewa. Jeni zilizokuwa zimefungwa zilifunguka wakati wa dawa, na hilo halikumshangaza mtu. La kushangaza ni kwamba zilibaki wazi vizazi vingi baadaye, katika hamira ambazo zenyewe hazikupata kuiona dawa hiyo. Jambo lililompata bibi lilikuwa limeandikwa kwa mjukuu, na lilikuwa halikuandikwa katika DNA.

Kwa namna gani? Chembe inapojigawa, uzi wa urithi hunakiliwa ukawa mbili. Vipande vya zamani vya histoni hugawanywa kwa nyuzi zote mbili, na mapengo hujazwa kwa vipande vipya visivyo na kitambaa. Hapo huja kimeng'enya kiitwacho Clr4. Kina mkono mmoja wa kupapasa na mwingine wa kufunga: hukishika kipande cha zamani chenye kitambaa cha methili mahali pa 9, kisha hufunga kitambaa kama hicho kwa jirani asiye nacho. Kama karani mwaminifu, haulizi sababu, hunakili alichokikuta. Mwaka 2015 makundi mawili, moja la Allshire na jingine la Danesh Moazed wa Harvard, yalilithibitisha jambo hili kwa hila nzuri. Waliilazimisha Clr4 ikae mahali pasipo pake, ikafunga vitambaa vyake, kisha wakaiachilia. Vitambaa vikaendelea kurithiwa, lakini kwa sharti moja. Ilibidi kwanza aondolewe mfutaji wa alama aitwaye Epe1. Alipokuwepo mfutaji huyo, alama zilifutika upesi. Basi kumbukumbu ya hamira hukaa kati ya karani anakiliye na mfutaji afutaye, na anayezidiwa ndiye anayeamua itadumu au itapotea.

Hatuna nafasi ya kueleza jinsi karani anavyojua mahali pa kuanzia. Itoshe kusema kwamba mwaka 2002 makundi ya Robert Martienssen na Shiv Grewal yalionyesha kuwa katika hamira ya pombe vipande vifupi vya RNA ndivyo vinavyomwongoza, na jarida la Science liliyahesabu mavumbuzi ya RNA ndogo kuwa ndiyo makubwa kupita yote ya mwaka huo.

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhusu moja kwa moja. Mwaka 2020, Sito Torres-Garcia, Allshire na wenzao walichapisha katika jarida la Nature habari za hamira ya pombe iliyooteshwa katika chakula chenye kafeini nyingi, kitu kile kile kilichomo katika kahawa. Kwa hamira, kafeini ya kiasi kile ni sumu. Nyingi zilikufa, chache zikastahimili. Mazoea yetu sote ni kudhani kwamba zilizostahimili zilipata mabadiliko katika herufi za DNA. Baadhi yake ndivyo ilivyokuwa. Lakini nyingine zilisomwa herufi zote, tangu mwanzo hadi mwisho, na hapakuonekana badiliko lililoweza kueleza ustahimilivu wake. Kilichobadilika ni vitambaa: alama ya methili ya mahali pa 9 ilikuwa imefungwa juu ya jeni ambazo kwa kawaida huwa wazi, na kunyamaza kwa jeni hizo ndiko kulikoiokoa hamira. Clr4 ilipoondolewa, ustahimilivu nao ulitoweka. Na hamira hizo zilipooteshwa kwa siku kadhaa katika chakula kisicho na kafeini, zilirudia udhaifu wake wa kwanza, kana kwamba hakuna lililotokea.

Haikuishia hapo. Baadhi ya hamira hizo, ambazo zilizoea kafeini tu, zilionekana kuzistahimili pia dawa za kuua kuvu, zikiwamo dawa za jamii ya azoli. Mwaka 2022 watafiti hao hao wakaeleza sehemu ya siri yake: kafeini inapoingia, mfutaji Epe1 hukatwa kipande na kutolewa nje ya kiini, na karani hubaki peke yake akifunga vitambaa hata pasipostahili. Chembe nyingi hupata hasara kwa hilo, lakini iliyobahatika kufunga jeni ifaayo hunusurika.

Msomaji atauliza, hamira ya maabara ina uhusiano gani na mgonjwa wa Unguja au wa Pemba? Ni halali kuuliza. Yaliyoonyeshwa yameonyeshwa katika hamira isiyomdhuru mtu, na itakuwa ni kupotosha kusema kwamba kila kuvu isiyosikia dawa hospitalini imefuata njia hiyo. Lakini azoli ndizo hizo hizo tuzitumiazo. Clotrimazole hupakwa kwa fangasi wa ngozi, na katika joto na unyevu wa visiwa vyetu ni watu wachache wasiopata kuinunua. Fluconazole humezwa kwa magonjwa mazito zaidi, yakiwamo ya wale ambao kinga ya miili yao imedhoofika. Tebuconazole hunyunyizwa mashambani. Zote tatu hushambulia kuvu kwa njia moja, na kuvu haina habari kwamba moja ilitoka duka la dawa na nyingine ghala la pembejeo. Huko Uholanzi madaktari walikwisha kuona wagonjwa wenye kuvu ya Aspergillus fumigatus iliyozoea azoli, hali wagonjwa wenyewe hawajapata kutibiwa kwa azoli. Ilizizoea katika mazingira, palipotumika dawa za kilimo. Hiyo ilikuwa ni kwa mabadiliko ya herufi. Hamira ya pombe imetuonyesha kwamba uko mlango wa pili.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya kuvu 19 zinazohitaji kushughulikiwa kwa haraka. Mojawapo ya zile za daraja la juu ni Candida auris, ambayo ilielezwa mara ya kwanza mwaka 2009 kutoka sikio la mgonjwa huko Japani, na ambayo tangu hapo imekwisha ripotiwa katika nchi nyingi, zikiwamo Kenya na Afrika Kusini. Bahari haikuwahi kuwa ukuta kwa maradhi, na visiwa vinavyopokea wageni wa dunia nzima haviwezi kujifanya viko mbali.

Sisi tunaona kwamba mambo mawili yamo katika uwezo wa Serikali bila ya kungoja misaada. La kwanza ni kuwakalisha meza moja maofisa wa afya na wa kilimo, wajue azoli ngapi zinaingia bandarini kila mwaka, kwa jina lipi na kwa kazi ipi. Mara nyingi vitabu vya kila upande hukaa katika kabati lake, na karani wa huku hamjui wa kule. Kuuziwa nusu ya dozi dukani, na shamba kunyunyiziwa dawa dhaifu kuliko ilivyoagizwa, ni mambo ambayo kila mmoja wetu ameyaona, nayo yana sura ile ile ya kafeini isiyoua: kuvu huonjeshwa sumu, ikabaki hai, ikapata muda wa kufunga vitambaa vyake.

La pili ni la maabara, na kwetu sisi ndilo zito zaidi. Nchi nyingi zinaingia katika upimaji wa kusoma DNA, na mashine zake zinashuka bei; huenda kesho tukaletewa na sisi, na tutazipokea kwa mikono miwili. Ila mashine hiyo husoma herufi, haisomi vitambaa. Kuvu iliyostahimili dawa kwa njia ya histoni itapita mbele yake ikiwa safi. Kipimo kinachoweza kuikamata ni kile cha zamani, cha kuiotesha kuvu katika sahani yenye dawa na kutazama kama inakua. Ni kipimo cha gharama ndogo, kinachohitaji mtu mwenye subira, sahani safi, na joto ambalo hewa yetu inakaribia kulitoa yenyewe.

Na hata hicho kina sharti la wakati. Tuchukue sampuli ya mgonjwa wa Pemba inayotumwa Unguja, na kutoka Unguja ikavushwa Dar es Salaam. Njiani imekaa, ilipofika ikaoteshwa kwanza katika chakula kitamu kisicho na dawa ili iongezeke, na baada ya siku nyingi ndipo ikapimwa. Kama kuvu ile ilikuwa na ustahimilivu wa namna ya ile hamira ya kafeini, siku zote hizo mfutaji alikuwa kazini. Jibu litarudi kwa daktari likisema kwamba dawa inafaa, na mgonjwa ataendelea kupewa dawa ile ile, ambayo kuvu iliyobaki mwilini mwake haijaisahau. Sampuli hizo zapasa kupimwa karibu na kitanda cha mgonjwa kadiri iwezekanavyo, na ziwekwe katika sahani yenye dawa siku ile ile zinapochukuliwa.